Bronkoskopi kwa anayehisiwa TB: kuosha pafu, brashi au kunyofoa kinyama, ipi inakamata?

mwana_ubungo

Wakuu habari za mda huu. Naomba wenye uelewa wanisaidie, maana kila nikikaa na daktari natoka na jibu jipya na hapa nyumbani tumeshagawanyika kambi tatu.

Dada yangu ana miaka 34, anakohoa mwezi wa tatu huu. Homa za jioni, usiku anatoka jasho mpaka anabadilisha kanga, nguo zote zinampwaya. Eksirei ilionyesha kivuli juu upande wa kulia, siti skani ikaonyesha hapo hapo kuna katundu kadogo na vidoadoa pembeni yake. HIV hana, sukari hana, TB hajawahi kuugua. Sasa ishu ni makohozi, hayatoki. Akipewa kikopo anahangaika nusu saa anatema mate. Wamepeleka GeneXpert, ile mashine ya kutafuta TB kwenye makohozi, mara mbili imerudi haijaona kitu. Na kabla ya yote hayo duka la dawa walishampa amoksilini, ikaja azuma, ikaja sipro, kwenye sipro akapata nafuu kama wiki tukafurahi, alafu kikarudi kile kile.

Daktari wa kwanza kasema aende bronkoskopi, waingize kamera waoshe pafu, maji yapelekwe maabara, basi. Tukatafuta maoni ya pili kwa bingwa mwingine, huyu kasema kuosha peke yake ni kupoteza hela, lazima wapitishe brashi na wanyofoe kinyama. Shemeji yangu naye ana jamaa yake Muscat kampigia simu akamwambia kuna ya ultrasaundi ndo ya kisasa, tusikubali hizo za zamani. Mama kasikia neno kunyofoa tu, kasema mwanangu hachanwi mapafu nikiwa hai, na kikao kikaishia hapo.

Naombeni kujua, hizi njia zinatofautiana nini kwa mtu anayehisiwa TB? Ipi inakamata zaidi na ipi ni hatari? Alafu kama kipimo cha makohozi kimesema hana, kuna haja kweli ya kumwingiza mtu mpira puani?

sista_zamu_ya_usiku

Pole sana mdogo wangu, na mpe pole mama, hofu yake naielewa. Mimi ni nesi, siyo daktari, ila nimesimama pembeni ya kitanda cha skopu miaka mingi na vile vichupa nimevishika kuliko sufuria zangu, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona.

Kwanza kabla hatujafika kwenye mpira. Hizo GeneXpert mbili hazijasema dada yako hana TB, zimesema kwenye mate hamna TB. Ni vitu viwili tofauti. Je ameshavutishwa mvuke wa chumvi? Inachukuliwa salaini ya asilimia 3, siyo hii ya dripu ya 0.9, inawekwa kwenye nebulaiza, mgonjwa anavuta dakika 15 mpaka 20 na kile kifua kikavu kinaanza kuvuta maji chenyewe, atakohoa kitu cha kutoka ndani. Inafanyiwa sehemu yenye hewa ya kutosha, sisi tulikua tunawatoa nje kabisa, maana akianza kukohoa pale anakohoa kweli na wewe uliyesimama mbele yake ujue umevaa N95 na siyo ile barakoa ya bluu. Mwenye pumu anatangulizwa salbutamoli sababu ile chumvi inabana. Makohozi yanayotoka hapo yanaweza kuwa mepesi kama mate, na ndo kosa linapotokea, mtu wa mapokezi anayaona mepesi anayamwaga anasema leta mengine. Kwa hiyo kwenye fomu iandikwe kabisa yametoka kwa mvuke.

Sasa tuje kwenye skopu. Mgonjwa anakuja hajala masaa sita, ganzi inapuliziwa kooni, chungu ile balaa, anapewa na dawa ya kumlegeza, kidoleni ana kile kidude cha oksijeni. Mpira wenyewe ni mwembamba kama kalamu. Ukishafika ndani ndo hizo njia zinapoachana.

Kuna kuosha njia tu, unamwaga maji mililita (mil) 10 au 20 kwenye mrija mkubwa unayavuta. Hii ni rahisi na ni haraka, na wengi wakisema "tumeosha pafu" kumbe wamefanya hii. Kuosha pafu lenyewe, ile wanaita BAL, ni kazi nyingine. Daktari anausukuma mpira mpaka unakaba kwenye kamrija kadogo kama kizibo cha chupa, ndo unaingiza maji kwa mafungu, mil 20 mpaka 60 kwa fungu, jumla inafika mia au zaidi, na kila fungu unalivuta taratibu. Ukilivuta kwa pupa mrija unajifunga na hupati kitu. Maji ya BAL nzuri yanarudi na povu juu kama umetingisha sabuni, sisi tulikua tukiona povu tunajua tumefika vifukoni. Yasirudi chini ya theluthi moja hivi, yakirudi kijiko kimoja ujue mmefanya mazoezi tu.

Na hapa kuna kitu watu hawaambiwi. TB inapenda juu ya pafu, na juu ndo sehemu ambayo maji yanarudi vibaya kuliko zote. Sehemu ya katikati kulia maji yanarudi raha mustarehe, kwa hiyo mtu mvivu anaosha katikati anapata kichupa kimejaa, kizuri kwa macho, na ugonjwa uko ghorofa ya juu unamwangalia. Ndo maana ile siti skani ni lazima iwe imefunguliwa mbele ya daktari siku hiyo, siyo ibaki nyumbani kwenye bahasha. Usiisahau.

Brashi ni kama ile ya kuoshea chupa ya mtoto ila ndogo ndogo, inasugua ukuta. Kinyama kiko cha aina mbili na hapa ndo bingwa wa pili angefafanua. Kama ndani ya mrija kuna kitu kinachoonekana kwa macho, kidonda au uvimbe au utando mweupe kama jibini, kukichuna hapo ni jambo dogo na faida yake kubwa. Cha pili ni kupenya ukuta wa mrija kwenda kuchukua kipande cha pafu lenyewe, na huko koleo linakokwenda macho hayaoni. Hiki ndo chenye hatari ya kutoka damu au pafu kutoboka hewa ikavuja, siyo wengi, ni wachache katika kila mia, ila wapo, na anayekunywa dawa za kuyeyusha damu au mwenye chembe sahani za chini, zile za kugandisha damu, hafanyiwi hivi hivi.

Ya ultrasaundi ya shemeji, EBUS, ni nzuri sana ila kazi yake hasa ni tezi za katikati ya kifua, zile zilizovimba kando ya koo la hewa, unaziona kwenye skrini unazichoma sindano. Dada yako tezi zimetajwa kwenye ripoti? Kama shida ni tundu juu kulia basi EBUS ya tezi hapo inatafuta ufunguo chumbani wakati umedondokea jikoni.

Mimi kwa dada yako ningeanza na mvuke. Ukigoma, BAL ya maana kwenye lile eneo lenyewe, brashi akiona ukuta una kitu. Kinyama cha kupenya sipingi, ila kisiwe cha kwanza.

kipara_wa_mwenge

Si mumpeleke tu kwa wale panya wa Morogoro waliofundishwa kunusa TB wanusishwe, tena bure haha

maabara_nyuma

@kipara_wa_mwenge unacheka lakini panya buku wa Morogoro kazi wanafanya kweli, tena wanakamata waliopitwa na darubini. Ila panya naye ananusa makohozi. Sasa kama makohozi hamna utamnusisha nini, bahasha ya siti skani?

Naomba niongee upande wangu, mimi ni wa maabara, maana naona mnabishania ndoano wakati samaki anaozea ufukweni. Nimepokea sampuli za skopu za kila aina na nakwambieni nusu ya ugomvi wa ipi inakamata unaishia kwenye benchi letu.

Chukua hayo maji ya BAL. Umemwaga mil 120 kwenye pafu, umevuta 50, maana yake vimelea umeshavizimua kama mtu aliyeongeza maji kwenye mchuzi. Darubini inahitaji vimelea kama 5,000 mpaka 10,000 kwenye mil moja ndo mtu avione. GeneXpert ya zamani ilihitaji kama 130, hii ya Ultra iliyokuja 2017 inashuka mpaka kama 16. Kwa hiyo mtu akikwambia BAL imefanyiwa darubini imetoka hasi, hajakwambia kitu kikubwa. Uliza imeenda Ultra? Imezungushwa kwanza kwenye sentrifuji ili tope likae chini ndo likapimwa, au mtu amechota juu juu mil moja akatia kwenye katriji akaenda kunywa chai? Nimeona yote mawili kwenye maabara moja, wiki moja.

Na kalcha, yani kuotesha vimelea, nayo ipelekwe hata kama Ultra imeona, maana Ultra inakwambia usugu wa rifampisini tu, dawa nyingine haizigusi. Kalcha ya maji inasubiriwa mpaka siku 42, ile ya yai kwenye chupa wiki nane. Msiikalie kusubiri, ila ipelekwe.

Sasa kinyama. Hiki kitu kimeniuma na kitaendelea kuniuma. Kipande kinatolewa kwa shida, mgonjwa kakohoa damu kidogo, familia imelipa, alafu kinatumbukizwa chote kwenye formalini. Chote! Formalini ni ya patholojia, wataona vile vivimbe vyenye kitu kama jibini katikati na wataandika "inaendana na TB", lakini kimelea kimeshakufa, kalcha hamna, na Ultra nayo inasumbuka. Siku moja nililetewa vipande vinne, vyote kwenye kichupa kimoja cha formalini, na fomu imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa: kalcha ya TB. Nilikaa nacho mkononi kama dakika mbili nikampigia daktari, akaniuliza haiwezekani kuviosha? Kwa hiyo ndugu yangu kama watanyofoa, muulize daktari mapema, tena kwa upole, kipande kimoja kitaenda kwenye salaini? Hatakasirika, na akikasirika basi umeshajua.

Mengine ya haraka. Ganzi ya lignokeini ikizidi kwenye sampuli inadumaza vimelea vya kalcha, kwa hiyo asimwagiwe kama anamwagiliwa mchicha. Skopu ikisuuzwa kwa maji ya bomba, huko kuna mabinamu wa TB wanaoishi kwenye maji, darubini itawaona wekundu vile vile na mtu atapewa dozi ya miezi sita kwa ugonjwa wa bomba. Hiyo ni faida nyingine ya Ultra, binamu haiwahesabu.

Na hiyo sipro mliyopewa dukani, sitaki kuwasema ila niseme, dawa za ukoo ule zinaigusa TB, levofloksasini yenyewe iko kwenye dozi ya TB sugu. Inampunguza nguvu haimwui. Ndo ile nafuu ya wiki moja mliyoifurahia. Mwambieni daktari aliinywa lini.

Mama Jay

mwana_ubungo mimi nilishanyofolewa kinyama kwa hiyo mwambie mama, mzima niko hapa naandika.

Mwaka mzima nilitibiwa pumu, nakoroma kifuani kama paka, pampu mbili kila siku na vidonge vya steroidi juu, eksirei safi kabisa haina doa. Makohozi mara tatu hamna kitu. Daktari mmoja kijana akasikiliza akasema hii pumu mbona inalia upande mmoja tu? Nikapelekwa skopu. Kumbe TB ilikua imekaa ndani ya mrija wenyewe kushoto, ukuta umejaa utando mweupe, ndo nikaambiwa hii aina inawapata sana wanawake tena vijana na eksirei inaweza isionyeshe kitu. Waliosha wakachuna hapo hapo. Maji yangu yalirudi hasi. Kinyama ndo kilisema. Kwa hiyo sista naheshimu ulichosema ila kwangu bila kinyama ningekua bado navuta pampu.

Kuhusu uchungu, siyo uchungu, ni ile kuhisi unakabwa dakika za mwanzo, macho yanatoka machozi na unataka kumshika daktari mkono. Nesi aliniambia pumua kwa pua usipigane nao, nikatulia. Baadae sauti ilipotea jioni nzima, nikatema damu kama ya kung'oa jino, usiku homa ikapanda nikasema ndo basi nakufa, asubuhi imeisha. Hawakuniambia kwamba homa baada ya kuoshwa ni kawaida, wangeniambia nisingeamsha majirani. Na usimpe hata maji mpaka ganzi iishe, kama masaa mawili, yataingia njia siyo.

Dozi nilimaliza miezi sita. Mrija umebaki umebana kidogo, nikipanda ngazi najua. Wangewahi usingebana hivyo.

klinikali_wa_bonde

Hamjambo nyote, mimi niko upande wa Kenya, ni klinikali ofisa, nimewasoma nikashindwa kunyamaza.

Hiyo maneno ya mvuke kwanza naunga mkono mia kwa mia na siyo maoni ya sista peke yake. Kule Rio de Janeiro walichapisha mwaka 2000, walichukua wagonjwa wale wale wakawafanyia mvuke na pia kuosha pafu, na matokeo yakatoshana karibu sawa, wenye HIV na wasio nayo. Mwongozo wa Wamarekani wa 2017 unasema hivyo hivyo, kama mtu hatoi makohozi anza na mvuke, ukishindwa ndio uende skopu. Na wanasema kitu kingine hapa sijaona mtu akikitaja: kila aliyefanyiwa skopu achukuliwe makohozi BAADA. Ule mpira umechokoza kifua, mtu anakohoa siku hiyo na kesho yake vitu ambavyo miezi mitatu havikutoka. Hayo makohozi ni bure na watu wanayatemea kwenye sinki! Nunueni vikopo, mbebe wenyewe.

Lakini sista hapo kwa kinyama mimi na wewe tutabishana. Huku kwetu mgonjwa anatoka mbali, amepanda matatu mbili, ameuza mbuzi. Skopu hatarudi kufanyiwa mara ya pili. Ukishaingia mimi nasema toa kila kitu, osha, sugua, chuna. Sana sana kama ni ile TB ya kutapakaa pafu zima kama mtama uliomwagwa, pale maji peke yake huwa hayatoshi, brashi na kinyama ndivyo vinakupa jibu la haraka. Alafu si kila tundu ni TB, kuna kansa, kuna fangasi, maji hayatakuonyesha kansa vizuri.

Na kuna swali la kweli: kwani kwa nini msimwanzishie dawa tu? Wengi huku tunafanya hivyo, picha ni ya TB, dalili ni za TB, anza. Hospitali ya Mulago kule Kampala wamefanya skopu kwa wagonjwa wengi wa HIV wenye kikohozi na makohozi hasi, na walikuta TB ni nyingi, ndio, lakini pia nimonia za fangasi na vitu vingine ambavyo dawa ya TB haingevigusa.

sista_zamu_ya_usiku

@klinikali_wa_bonde karibu sana jirani. Makohozi ya baada umenikumbusha jambo la maana, tulikua tunayakusanya lakini kwa kuiba iba, hamna aliyeandika kwenye utaratibu.

Kinyama, sikatai kwa TB ya mtama na sikatai kwa Mama Jay, kwake kitu kilikua kinaonekana kwa macho, hiyo kila mtu angekichuna. Ninachosema ni kwa tundu. Tundu maana yake mlango uko wazi, vimelea vimejaa mle na vinamwagika kwenye mrija, maji yanavifikia. Na pembeni ya tundu kuna mishipa ya damu iliyovimba, koleo likienda kipofu likashika mshipa utajua mbuzi mmoja hatoshi. Niliwahi kushika sakshen dakika ishirini mtu anatoka damu, alipona, ila mikono yangu ilitetemeka mpaka nafika kituo cha daladala. Pengine ndo maana naogopa zaidi yako, nakubali.

Kumwanzishia dawa bila jibu, kama anazidi kudhoofu na skopu ni mwezi ujao, daktari ataanza na hatakosea. Ila sampuli ichukuliwe KABLA, hata kama majibu yatakuja baadae. Ukishameza dozi wiki mbili unatafuta nyayo kwenye mchanga uliofagiliwa.

klinikali_wa_bonde

Hiyo ya mishipa kando ya tundu nimekubali. Ya kansa bado hujanijibu 😀

kipara_wa_mwenge

Aisee nilikuja kutania naondoka na shule. Swali dogo, kwani kuosha pafu si maji yanaingia mapafuni, mtu hazami?

sista_zamu_ya_usiku

Anaoshwa kipande kidogo tu cha pafu, kwingine kote anapumua kama kawaida. Yanayobaki yananyonywa na mwili siku hiyo hiyo. Ila ndo maana mwenye oksijeni ya chini tayari, au aliyepata shambulio la moyo juzi juzi, hatumwoshi kwanza.

mwana_ubungo

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekawia, ni wiki tatu saivi.

Nilimfuata daktari wa kwanza nikamuuliza habari ya mvuke wa chumvi. Akanyamaza kidogo akasema nebulaiza ipo, salaini ya asilimia 3 ndo haipo, nikazunguka famasi tano nikaipata. Dada akavutishwa nje kwenye veranda ya nyuma, mama amekaa mbali anasali. Dakika kama kumi hamna kitu, alafu akaanza, jamani alikohoa. Kilichotoka kilikua kama mate kweli na dada wa mapokezi akataka kukimwaga, nikamwambia subiri kwanza soma fomu.

Majibu ya Ultra: "trace". Nikadhani ni jina la kipimo. Daktari akanieleza ni kwamba mashine imenusa harufu ya TB lakini kwa mbali sana mpaka haiwezi kusema usugu upo au haupo. Akasema ingekua ana HIV au ni mtoto angeanza dawa pale pale, kwa mtu mzima asiye na HIV na hajawahi kuugua TB anataka sampuli nyingine mpya ithibitishe. Kama angewahi kuugua zamani trace ingeweza kuwa ni mabaki ya vimelea vilivyokufa, ila yeye hajawahi. Tukarudia mvuke, safari hii hamna.

Basi skopu. Bahasha ya siti skani niliibeba kifuani kama cheti cha ndoa. Daktari aliifungua, akaniambia ataosha juu kulia na kusugua na brashi, kinyama atachuna tu akikuta kitu machoni. Hakukuta, ukuta ulikua mwekundu tu. Maji yalirudi kidogo, mil 40 kwa 120, akasema kwa sehemu ile ni ya kushukuru. Mama Jay homa ilipanda usiku kama ulivyosema, na kwa sababu yako hatukuamsha mtu. Kesho yake asubuhi dada kakohoa kitu cha njano, nikakidaka kwenye kikopo nikakimbia nacho.

BAL darubini hasi, kama maabara_nyuma ulivyosema ingekua. BAL Ultra imeona, kiwango cha chini, rifampisini haina usugu. Kikopo cha asubuhi Ultra imeona na darubini nayo imeona, chache chache lakini zimo. Brashi haikuongeza kitu. Kalcha bado tunasubiri. Ameanza dozi juzi Jumatatu, bure kabisa kitengo cha TB, mkojo umekua rangi ya fanta na mama kashtuka upya.

Sasa wametuita tupimwe wote wa nyumbani. Mimi na mama tumetoka salama. Shida ni mtoto wake wa miaka mitatu, anakohoa kidogo tangu wiki iliyopita na uzito haujapanda kadi mbili zilizopita. Huyu makohozi ndo hajui hata maana yake. Naye atawekewa ule mpira? Maana mama nilishamshawishi mara moja sidhani kama nitaweza mara ya pili.

maabara_nyuma

Kikopo cha asubuhi kimeshinda chumba kizima cha skopu 😂 hongera ndugu yangu. Hiyo ya 40 kwa 120 daktari wako anajua kazi.

sista_zamu_ya_usiku

Alhamdulillahi, nimefurahi mno. Mtoto hapana, mpira hauna kazi hapo. Watoto wadogo makohozi wanayameza, yanashuka tumboni, kwa hiyo zamani tulikua tunayafuata asubuhi na mrija wa puani kabla hajanywa uji, na bado inafanyika. Siku hizi Ultra inapima mpaka choo. Peleka choo chake kidogo kwenye kikopo kisafi, kisichanganyike na mkojo, na kadi ya kliniki ubebe. Wampige na eksirei. Usisubiri kalcha ya mama yake, nenda kesho asubuhi. Na hata akikutwa hana, kwa umri huo na anaishi nyumba moja na mgonjwa wataangalia kumpa dawa ya kinga, usishangae.

mwana_ubungo

Choo tu? Sista mama akisikia hivi ataninunulia soda.